Hadithi ya Dakika Kumi

Uhakiki wetu wa Kiswahili umezoea kuigawa kazi ya sanaa katika mafungu mawili, fani na maudhui. Tukishapanga wahusika, mandhari, lugha, dhamira na ujumbe, tunafunga daftari tukaenda zetu. Lipo fungu la tatu ambalo hatuligusi, nalo ni bei. Tunahakiki kana kwamba riwaya huota shambani kama uyoga na filamu huletwa na maji ya bamvua. Nani kailipia, kalipia vipi, kalipia kwa muda gani? Hayo tunawaachia wafanyabiashara.

Katika makala haya nataka kulileta fungu hilo la tatu, na nitalileta kwa kutumia sanaa ambayo wazee wengi hawako tayari hata kuiita sanaa. Nazungumzia gemu, hizi gemu za video. Najua wapo watakaosema jarida la fasihi limeingiliwa. Wavumilie kidogo. Kitu chenye wahusika, mandhari, mgogoro na mwisho, kinachowafanya vijana wa kijiji kizima wasisikie wanapoitwa kula, hakiwezi kupita bila kuhakikiwa.

Hoja yangu ni hii. Namna gemu inavyolipiwa ndiyo inayoamua ni gemu gani ichezwe, na katika hiyo ni sehemu gani ya hadithi imfikie mchezaji. Hapa kwetu Moa bei imekuwa mhariri mkali kuliko mhariri yeyote wa gazeti. Amekata kila hadithi iliyozidi dakika kumi.

Hesabu ya wenzetu na hesabu yetu

Kwa msiopajua, Moa ni kijiji cha pwani katika Wilaya ya Mkinga, kaskazini ya mji wa Tanga, si mbali na mpaka wa Kenya. Tuna mikoko, tuna minazi, tuna wavuvi, na ukienda upande wa bara kidogo unakutana na mkonge. Fedha hapa huja kwa bahari ikiwa tulivu na huondoka kwa kusi.

Nimeanza na fedha kwa sababu kuna kauli moja ninayoisikia sana, na kila nikiisikia nacheka. Eti gemu zimeshuka bei. Wanaoisema hawasemi uongo, wana hesabu zao. Mashine ya Atari ilipotoka Marekani mwaka 1977 iliuzwa dola 199. Ukiibadili thamani hiyo kuwa fedha ya leo unapata zaidi ya dola 1,000. PlayStation ya kwanza ilifika huko mwaka 1995 kwa dola 299, ambazo leo ni zaidi ya 600. Gemu yenyewe, yaani kanda au diski, iliuzwa dola 50 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikawa 60 kuanzia mwaka 2005, ikawa 70 mwaka 2020, na mwaka 2025 Nintendo ikaiuza Mario Kart World kwa dola 80. Maisha ya huko yamepanda haraka kuliko namba hizo. Basi kwao gemu imeshuka, ndiyo.

Sasa njoo kwetu. Mwaka 1995 dola moja ilikuwa inakaribia shilingi 600. Mwaka 2000 ilikuwa 800. Mwaka 2013 ilikuwa 1,600, na kufikia mwaka 2020 ilishapita 2,300. Kwa hiyo PlayStation ya kwanza ilikuwa kama shilingi 170,000, ya pili kama 240,000, ya nne kama 640,000, na ya tano kama 1,150,000. Hizo ni bei za dukani huko huko Marekani. Hapo hujaweka nauli, hujaweka ushuru, hujaweka faida ya mwenye duka, na hujaweka kuvunjika kwake njiani.

Mtu atasema na mishahara nayo imepanda. Imepanda kweli. Kima cha chini cha mfanyakazi wa kilimo kilikuwa shilingi 100,000 kwa mwezi mwaka 2013, na kuanzia Januari 2023 kikawa 140,000. Chukua PlayStation 4 ilipotoka mwaka 2013, dola 399. Mkata mkonge angehitaji mshahara wa miezi sita na zaidi, asile, asivae, asimzike mtu. Chukua PlayStation 5 kwa bei yake ya dola 499 mwaka 2023. Mkata mkonge yuleyule anahitaji miezi minane na zaidi. Mmarekani wa kima cha chini, dola 7.25 kwa saa, aliihitaji kazi ya siku saba kwa ile ya kwanza na siku tisa kwa hii ya pili. Siku, jamani, na mwenzake miezi.

Kwa hiyo mtu akiniambia gemu zimeshuka bei, namuuliza zimeshuka wapi. Hapa Moa hakuna kijana wa kawaida aliyewahi kuinunua mashine mpya dukani. Tulichofanya ni kuikata bei vipande vipande, kila mtu akabeba kipande chake. Na bei ilipokatwa vipande, hadithi nayo ikakatwa.

Sarafu ilivyoandika gemu

Tusijidanganye kwamba hadithi kukatwa na bei kumeanzia kwetu. Gemu ilizaliwa hivyo. Space Invaders ilipotoka Japani mwaka 1978 ilichezwa kwa kutumbukiza sarafu ya yeni 100. Mwenye mashine anataka sarafu nyingi, basi mtunzi anapewa kazi moja: muue mchezaji upesi, lakini si upesi mno hata akasirike akaenda zake. Maadui wanaongeza mwendo kadiri unavyowapunguza, jambo lililotokana na uwezo mdogo wa mashine lakini likaifaa kazi hiyo.

Pac-Man ya mwaka 1980 haikuandikiwa mwisho kabisa. Ukifika hatua ya 256 nusu ya kioo inavurugika, herufi zinaangukiana, kwa sababu watengenezaji hawakutazamia mtu afike huko. Wahakiki wa fasihi tunapenda sana kuzungumzia mwisho wa kazi, kama ni wa heri au wa kutanza. Hapa kuna kazi ambayo mwisho wake ni hitilafu, na sababu yake ni kwamba sarafu haikuhitaji mwisho.

Nasi tuna mfano wetu katika fasihi. Dickens alianza kuutoa mkasa wa Bwana Pickwick mwaka 1836 kwa vijitabu vya kila mwezi, shilingi moja ya Kiingereza kwa kijitabu. Hadithi za magazeti yetu ya Kiswahili, zile zinazokatika mtu akiwa ameshika kitasa cha mlango, zimefuata njia hiyohiyo. Neno "itaendelea" halikubuniwa na mtunzi peke yake. Bei ya gazeti ilimshika mkono.

Kilichobadilisha mambo ni mashine kuingia nyumbani. Aliyenunua kanda ameshalipa, hakuna sababu ya kumuua kila dakika mbili, na mtunzi akapata nafasi ya kusimulia. Ndipo zikaja hadithi ndefu. Final Fantasy VII ya mwaka 1997 ilikuja katika diski tatu na humchukua mtu kama saa 40. Mwishoni mwa diski ya kwanza anauawa mhusika mmoja ambaye mchezaji ameshamzoea kama dada yake. Watu wazima wamelia kwa kifo kile. Nimesoma habari zao na nimewaonea wivu, nitaeleza kwa nini.

Mpaka, televisheni na umeme

Gemu ilipokuwa inaingia nyumba za wenzetu, sisi tulikuwa wapi? Nintendo ilianza kuiuza Famicom nchini Japani Julai 1983 kwa yeni 14,800. Mwaka huohuo hapa Tanzania ndiyo ulikuwa mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walificha sabuni na vitenge, sembuse mashine ya kuchezea. Mpaka wa Kenya, uliofungwa mwaka 1977, ulifunguliwa tena Novemba 1983. Kwa kijiji kama Moa hilo si jambo dogo, maana Vanga ya upande wa pili iko karibu na sisi kuliko Tanga mjini, na ndugu wako pande zote mbili. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa, mitumba ikarudi, na redio kaseti zikaanza kuonekana.

Lakini gemu ya nyumbani inataka televisheni, na televisheni inataka kitu cha kuonyesha. Zanzibar walikuwa na kituo chao tangu miaka ya 1970. Bara tulikaa hadi mwaka 1994 ndipo vituo vya watu binafsi vikaanza, ITV na wenzake. Kabla ya hapo aliyekuwa na televisheni kijijini aliinunua kwa ajili ya video. Na umeme ulikuwa wa jenereta. Kwa hiyo bei ya gemu kwetu haikuwa bei ya gemu. Ilikuwa bei ya televisheni, ya jenereta, ya petroli, na mwisho kabisa, kama kikorombwezo, ya gemu.

Mashine zilizotufikia mwanzo zilikuwa zile za Kichina zilizoiga Famicom, na kanda zake za njano zilizoandikwa kwamba ndani mna gemu 9999. Ukianza kuhesabu unagundua kuwa zinajirudia. Ileile ya vifaru, ileile ya ndugu wawili wa kuruka matofali, imebadilishwa jina tu au imeanzia hatua ya mbele. Wapo wanaosema ule ni utapeli. Mimi nauona kama kitabu cha fasihi ya wakati wake. Kanda ile ilijua kwamba mnunuzi ni maskini, na maskini akipata kununua mara moja anataka aambiwe kuwa amenunua vyote.

Kibandani

Halafu kikaja kibanda. Kila mji wa pwani yetu una vibanda vyake, na nadhani hata msomaji wa Mwanza au Kigoma anakijua ninachokisema: bati juu, turubai au makuti ubavuni, televisheni mbili tatu za mgongo, benchi, na PlayStation iliyofungwa chipu ili isome diski za kunakili. Moa tulikuwa tunalipa shilingi 100 kwa mechi, baadaye 200, baadaye ikapanda tena. Mechi ya mpira ilitegwa isizidi dakika kumi pamoja na marudio ya magoli, na marudio yenyewe ukichelewa kubonyeza unapigiwa kelele.

Hapo ndipo mhariri wangu alipofanya kazi yake. Piga hesabu. Saa 40 za Final Fantasy VII ni vipande 240 vya dakika kumi. Kwa shilingi 100 kila kipande ni shilingi 24,000, na wakati ule hiyo ilikuwa fedha ya kununulia gunia, si hadithi. Tena hata ukiwa nazo, umalizie wapi? Memori kadi ya PlayStation ya kwanza ina nafasi 15 tu. Kibanda kina vijana hamsini. Unahifadhi ulipofika jioni, asubuhi mwenzio ameshafuta ili ahifadhi timu yake. Diski nayo iko kwa Kiingereza, au Kijapani kabisa. Ya mpira tuliicheza kwa Kijapani bila taabu, tulikariri menyu kwa nafasi zake, ya tatu kutoka juu ndiyo kubadilisha mchezaji. Lakini hadithi huwezi kuikariri kwa nafasi.

Nilijaribu gemu moja ya hadithi, nikalipia vipande vitatu mfululizo. Mwenye kibanda alinisogelea akasema, "Mwanangu, hiyo ya kusomasoma maneno utachezea kwenu. Hapa watu wanasubiri."

"Mjomba, niachie kidogo tu, nimefika pazuri."

"Pazuri pako, foleni yangu."

Alikuwa na haki. Watazamaji wamechoka, hakuna anayeelewa, benchi linakimbiwa. Gemu ya mpira ina wachezaji wawili na watazamaji ishirini. Gemu ya hadithi ina mchezaji mmoja na watu kumi na tisa wanaopiga miayo.

Matokeo yake ni kwamba kizazi changu hapa kina maktaba ya ajabu. Tunajua gemu nyingi, lakini hatujui mwisho hata wa moja. Tekken 3 ina mwisho tofauti kwa kila mpiganaji, kafilamu kadogo, wengine wanalia, wengine wanachekesha. Sisi tulimjua kila mpiganaji kwa mateke yake wala hatukujua anapigania nini. GTA: San Andreas ya mwaka 2004 ni mkasa mrefu wa kijana anayerudi nyumbani kumzika mama yake. Muulize yeyote aliyeichezea kibandani, atakwambia ni gemu ya kuiba magari. Tuliandika namba za siri kwenye karatasi, tukaita kifaru, tukazunguka nacho mjini dakika kumi, basi. Msiba wa mama haukuwahi kufika Moa.

Huo ndio wivu niliousema. Wenzetu walilia kwa kifo cha mhusika. Sisi bei ilitukinga hata na majonzi.

Lakini sitaki kukilaumu kibanda peke yake, maana kilitupa kitu ambacho kanda ya nyumbani haikuwapa wenzetu. Palikuwa na sheria kwamba anayefungwa ndiye anayelipa. Ukiitazama vizuri sheria hii utaona kuwa ni bei inayofuata ufundi. Fundi akishika padi asubuhi kwa shilingi 100 anaweza kucheza hadi alasiri, analipiwa na mafala. Na fundi huyo hachezi kimya. Anasimulia, anatukana kwa adabu, anaitabiri pasi kabla hajaipiga, na benchi linaitikia. Wahakiki wa fasihi simulizi wanafunga safari kwenda kutafuta fanani na hadhira. Walikuwepo kibandani, bei shilingi 100. Hadithi iliyokosekana kwenye kioo ilisimuliwa mbele ya kioo.

Hapo nami sina budi kusema wazi kwamba hadhira hiyo ilikuwa ya wavulana. Msichana akisimama mlangoni pa kibanda aliulizwa ametumwa nini. Na yapo mengine: watoto waliotoroka shule, chenji za dukani zilizopotea njiani. Wazazi waliokivunja kibanda kwa matusi hawakuwa wajinga.

Mashine iliyokataa kufa

Kuna jambo ambalo takwimu za dola haziwezi kulionyesha, nalo ni umri wa mashine. PlayStation 2 ilianza kutengenezwa mwaka 2000 na ikasimamishwa mwanzoni mwa 2013. Zaidi ya milioni 150 ziliuzwa. Bei yake Marekani ilianza dola 299, ikawa 199 mwaka 2002, ikawa 149 mwaka 2004, ikaishia 99 mwaka 2009. FIFA 14, iliyotoka mwaka 2013, bado ilitengenezwa na toleo la PS2. Kampuni zilijua kuwa dunia ya pili ipo, dunia ya watu wanaonunua kitu kikishachosha wenzao. Sisi ndio dunia hiyo. Umeme wa REA ulipoanza kusambaa vijijini, watu wakaunganishiwa kwa shilingi 27,000, kibanda kikaachana na petroli na PS2 ikapata uhai wa pili.

Hii ndiyo njia pekee ambayo gemu ilishuka bei kwetu: kwa kuzeeka. Na hapa ndipo ninapoona hatari ya miaka hii. PlayStation 5 ilitoka mwaka 2020 kwa dola 499. Agosti 2025, badala ya kushuka, Marekani ikapandishwa hadi 549. Nchi nyingine zilishapandishiwa tangu 2022. Na gemu nyingi siku hizi haziji kwa diski, zinashushwa kwa intaneti kwa jina la mnunuzi. Diski ya zamani unaweza kuiuza, kuiazima, kuinakili, kuirithi. Gemu iliyofungwa kwenye jina la mtu wa Texas itatufikiaje ikizeeka? Kizuka cha mtumba kimekatwa mguu.

Bure ya simu

Utaniambia: kaka, unalia nini, siku hizi gemu ni bure. Simu ya bei ndogo inacheza Free Fire, iliyotoka mwaka 2017 ikiwa imetengenezwa makusudi kwa simu dhaifu. Konami waliigeuza gemu yao ya mpira kuwa eFootball mwaka 2021, bure kwa kila mtu. Wale wale tuliowanakilia diski sasa wanatupa wenyewe.

Nimeitazama bure hiyo kwa makini. Kwanza ina bando. Gemu inashushwa kwa gigabaiti, halafu inadai masasisho, na bando la wiki linakatika mechi haijaanza. Vifurushi vilipopanda Aprili 2021 kelele zilipigwa nchi nzima hadi serikali ikazisitisha bei mpya. Katika kelele zile zilikuwemo za wachezaji.

Pili ina duka lake ndani. EA waliingiza Ultimate Team kwenye FIFA mwaka 2009: unanunua pakiti ya wachezaji bila kujua ndani yuko nani. Pengine Messi, pengine beki wa daraja la tatu. Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba pakiti za namna hiyo ni kamari, na Januari 2019 EA wakaacha kuwauzia Wabelgiji pointi za kuzinunulia. Sisi hatuhitaji kwenda Ubelgiji kuelewa. Tunalo dubwi, lile linalomeza sarafu za shilingi 200 pembeni ya maduka yetu na kupiga muziki. Sheria yetu ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 ipo, na mtoto haruhusiwi kuligusa. Lakini dubwi likivaa jezi na kuingia kwenye simu ya mtoto, nani atalitambua?

Kifani, huku ndiko kurudi kwa Space Invaders. Sarafu imerudi, na imerudi na werevu zaidi. Ile ya zamani ilimuua mchezaji ili alipe. Hii inamsubirisha. Subiri saa nne sanduku lifunguke, au lipa. Rudi kesho upate zawadi, au upitwe. Dakika kumi zimebaki dakika kumi, ila sasa hakuna benchi. Kila mmoja ameinama na simu yake chini ya mnazi wake, na mwenye kibanda anayekwambia "muda umeisha" hayupo. Afadhali yule. Alikuwa akikutoa.

Hata hivyo lipo moja ambalo simu imelitenda na kibanda hakikuweza. Dada zetu wanacheza. Wanacheza jikoni, wanacheza wakisuka ukili, hakuna wa kuwauliza wametumwa nini. Mhakiki anayeililia enzi ya kibanda bila kulitaja hili anaililia enzi ya wavulana tu. Bei ya simu imewafungulia mlango walioachwa nje, na kuwafunga ndani kila mtu peke yake. Yote mawili ni kweli.

Tufanye nini

Vijana hawakukaa kusubiri jibu. Ipo programu ya PPSSPP inayoifanya simu icheze gemu za PSP, mashine ya mkononi iliyouzwa dola 249 ilipofika Marekani mwaka 2005. Nimeona kwenye simu za wadogo zangu gemu ya mpira ya zamani iliyochezewa na mafundi wasiojulikana, ndani yake mna Simba na Yanga, jezi za msimu, hata mabango. Wabrazili wamefanya hivyohivyo kwa miaka mingi kwenye PS2, wakaiita Bomba Patch. Kisheria ni wizi wa diski ya mtu. Kiuhakiki ni kazi ya kwanza ya gemu niliyoiona hapa ikiwa na majina yetu.

Nako Kameruni, studio ya Kiro'o Games ilitoa Aurion mwaka 2016, hadithi ndefu ya mfalme na mkewe katika dunia iliyobuniwa kutokana na mila za Kiafrika. Ni fahari. Ila ilitoka kwa kompyuta, kwa dola, na ni ndefu. Kwa bei ya Moa, kifo cha mama wa San Andreas na ufalme wa Aurion viko mbali sawasawa.

Kwa hiyo changamoto yangu inawaendea waandishi wa jarida hili, na si mafundi wa kompyuta. Tumekuwa tukiandika hadithi fupi tukiamini ufupi ni chaguo la fani. Basi tuchague kweli. Aandikwe mkasa wa gemu wa Kiswahili uliokatwa katika vipande vya dakika kumi, kila kipande kina mgogoro wake na "itaendelea" yake, uwe mwepesi kuingia kwenye simu dhaifu bila kuomba bando kila asubuhi, na uruhusu watu wawili kucheza na ishirini kutazama. Babu zetu walichimba mashimo ardhini, wakaokota komwe ufukweni, wakapata bao, mchezo usio na bei wenye hadhira mpaka magharibi. Sisemi turudi kwenye komwe. Nasema hao walianza kwa kujiuliza kijiji kina nini mfukoni, kisha ndipo wakatunga.

Sisi hutunga kwanza, halafu tunashangaa kwa nini hadithi yetu haijafika. Mwenye hoja ya kinyume aandike, nafasi ipo. Na kama kuna aliyewahi kuimaliza Final Fantasy VII kibandani, popote kuanzia Vanga hadi Mtwara, aniandikie anieleze memori kadi yake aliificha wapi.